Muundo wa Lugha na Siri ya Unyago

Katika vitabu vya isimu, Chimakonde cha Newala kina alama mbili fupi: P23 katika mpangilio wa lugha za Kibantu wa Malcolm Guthrie, na kde katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha. Chiyao, kinachozungumzwa Masasi pamoja na Kimakua, ni P21. Kimakua ni P31. Kwa alama ya kde mtu yeyote mwenye intaneti hufungua hifadhidata ya Glottolog akaona yaliyoandikwa juu ya Chimakonde, ikiwemo sarufi ya Peter Kraal ya mwaka 2005 kuhusu lahaja ya Chinnima. WALS, atlasi ya miundo ya lugha iliyochapwa mwaka 2005 na kuwekwa mtandaoni mwaka 2008, huwafaa watafiti na pia waundaji wa lugha mpya. Zamenhof alipotoa Kiesperanto mwaka 1887 alitegemea zaidi lugha za Ulaya. Waundaji wa leo huchota ngeli na toni kokote duniani.

Je, anayechota hivyo anamnyang'anya mtu? Kwa upande wa muundo, hapana. Ngeli hazikubuniwa na mtu mmoja, na msemaji wa Newala hapungukiwi chochote zikitumika kwingine. Wayao, Wamakua na Wamakonde wenyewe wamekopeshana maneno kwa vizazi.

Lakini hifadhi za lugha hukusanya pia matini, nyimbo na sauti, na hapo jibu hugeuka. Mwaka 1906 mtafiti Karl Weule alipita Masasi na Newala na fonografu, akarudi Ujerumani na nyimbo pamoja na maelezo ya unyago. Mafunzo ya jando na unyago yana umri wake, jinsia yake na walimu wake; asiyechezwa hayasikii. Uzito wake ulitambuliwa hata na Askofu Vincent Lucas wa Masasi, ambaye hakulifuta jando bali aliliwekea ibada ya Kikristo. Kuyamwaga mafunzo hayo mbele ya kila mwenye simu ni kuvunja sharti linaloyapa maana. Hoja kwamba yalirekodiwa zamani, na waimbaji wamekwisha kufa, haitoshi: mwenye siri ni jamii, na jamii ingali hai.

Kwa hiyo sarufi na misamiati ya kila siku ibaki wazi kwa watafiti na waundaji wa lugha. Matini za unyago zihitaji idhini ya wazee na manyakanga, yaani walimu wa unyago, na zile ambazo hawakuulizwa kuzihusu zifungwe mpaka waulizwe.