Karatasi ya Uongo kwa Jambo la Kweli

Liko swali ambalo wazee wa sharika katika pande zetu za Mpanda huulizwa mara kwa mara, nao hulijibu kwa haraka, huyu kwa huruma na huyu kwa ukali, kisha usiku hawalali vizuri. Swali ni hili: ikiwa jambo lenyewe ni kweli, ila karatasi ya kulithibitisha haipo, je, ni dhambi kuiandika karatasi hiyo?

Tusilizungumze hewani. Tumweke mbele yetu mama mmoja wa Katumba. Jina lake halina haja, maana walio kama yeye ni wengi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972. Yeye alizaliwa makazini, akabatizwa angali mchanga. Mwaka 2007, watu wa makazi walipoandikwa mmoja mmoja, yeye alikuwa mbali, akitumika katika nyumba ya watu, wala jina lake halikuingia daftarini. Sasa ataka kupeleka maombi yake kwa Mkuu wa Makazi, naye ameambiwa alete vielelezo: cheti cha kuzaliwa, au cha ubatizo, au barua za watu wamjuao. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho tangu mwanzo. Kitabu cha ubatizo cha miaka ile kimeliwa na mchwa. Basi ndugu yake amwendea mzee wa usharika wakati wa jioni, amwambia, "Baba, muhuri unao, na wino unao. Mwandikie cheti chenye siku na mwezi. Si uongo, kwa kuwa alibatizwa kweli, na wewe wajua."

Kabla ya kumhukumu ndugu huyu, yatupasa kukumbuka karatasi zilikokwenda. Mwaka 1972, baada ya maasi yaliyotokea kusini ya Burundi mwezi wa Aprili, Serikali ya nchi ile iliwaua Wahutu wengi mno. Makadirio mengi huzidi laki moja. Waliotafutwa kwanza walikuwa wenye elimu: walimu, makarani, wanafunzi wa shule za juu. Tufikiri maana yake. Kwa mtu wa namna hiyo cheti cha shule mfukoni kilikuwa hati ya kumhukumu, na aliyekitupa porini hakutupa mali, alitupa hatari. Tena aliyekimbia na watoto wawili mgongoni na mkononi hakurudi nyumbani kutafuta sanduku la makaratasi.

Nayo Tanzania wakati ule haikuwauliza vyeti. Walipokewa kundi zima, kwa kuwa mambo ya nchi yao yalionekana kwa macho. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekwisha kuandikwa mwaka 1969, nao hukubali kwamba mtu aweza kuwa mkimbizi kwa sababu ya machafuko yaliyoivuruga nchi yake, hata kama hakutafutwa yeye peke yake kwa jina. Wakapewa pori la Ulyankulu katika Tabora, na la Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, na la Mishamo mwaka 1978. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kwa mkono wa shirika la TCRS lililoanzishwa mwaka 1964, lilifanya kazi pamoja na Serikali na Umoja wa Mataifa katika kuyafungua makazi hayo. Kwa hiyo habari hii si ya watu wengine. Ni ya nyumbani mwetu.

Lakini watu waliopokewa bila karatasi waliishi baadaye chini ya karatasi. Aliyetaka kutoka makazini ilimpasa kuwa na kibali. Mwaka 2007 wakaandikwa, yapata watu 218,000 katika makazi yote matatu, wakaulizwa: kurudi Burundi, au kuwa raia wa hapa? Kama wanne katika watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya 162,000 wamekubaliwa uraia; hata hivyo vyeti vilikawia, kwa kuwa walitakiwa kwanza kuhamia mikoa mingine. Shauri hilo liliachwa, na mwezi wa Oktoba 2014 ndipo Rais Kikwete alipoanza kuwakabidhi vyeti vyao. Miaka minne walikuwa raia kwa tangazo, si kwa hati. Mtu aliyeona hayo asilaumiwe akidhani ya kuwa karatasi ni uzima wenyewe.

Sasa turudi kwa mzee wetu, ambaye kalamu iko mezani.

Wanaoitetea karatasi ya namna hii huleta habari za Shifra na Pua, wazalisha waliomdanganya Farao, na za Rahabu wa Yeriko. Nami nakubali kwamba ni habari nzito. Walakini msomaji amtazame Rahabu vizuri. Alisema na watu wa namna mbili kwa namna mbili. Watumishi wa mfalme, waliotaka kuwakamata wapelelezi, aliwaambia uongo. Wapelelezi, ambao kwao aliomba usalama wake na wa nyumba ya baba yake, aliwaambia kweli tupu: ya kuwa yeye anaogopa, na nchi yote inaogopa. Hakujitungia ukoo. Hakusema kwamba bibi yake alikuwa Mwebrania.

Hata katika siku zilizo karibu nasi mfano uko. Mwaka 1944, katika mji wa Budapest, Raoul Wallenberg wa Sweden aliwagawia Wayahudi maelfu hati za ulinzi zenye alama za nchi yake, ambazo kwa sheria nguvu yake ilikuwa ndogo. Sijamsikia Mkristo mwenye akili akimlaumu. Hati zile zilisimama mlangoni kumzuia mwuaji. Ikiwa siku moja karani ataulizia jina la mtu apate kumwua, basi maneno yangu haya yote yasisomwe siku hiyo. Lakini karani wa Mpanda haulizi kwa sababu hiyo. Aweza kuwa mzito, aweza kuwa mkali, aweza hata kuwa mvivu. Bali aliwekwa pale apate kujua ni nani wa kupokewa. Kumdanganya mwenye kazi ya kupokea si sawa na kumdanganya mwenye upanga.

Katika Kitabu cha Yoshua wako waombaji wengine, nao hukumbukwa mara chache: Wagibeoni. Walileta vielelezo vyao, navyo vilitengenezwa kwa ustadi: mikate mikavu yenye ukungu, viriba vilivyopasuka na kushonwa, viatu vyenye viraka, ili waaminiwe kuwa wametoka nchi ya mbali. Hofu yao ilikuwa kweli. Mkate wao ulikuwa uongo. Wakaapiwa, na kiapo kikasimama hata baada ya siku tatu walipogunduliwa kuwa ni majirani. Hilo ni la kuwapa sifa wazee wa Israeli, maana hawakumtupa mtu waliyekwisha kumpa neno. Tena Sauli alipokuja kukivunja kiapo kile, nchi nzima ilipata njaa ya miaka mitatu. Lakini Wagibeoni waliishi wakikata kuni na kuchota maji, na mkate ule wa ukungu uliwafuata watoto wao. Mtu ataniuliza, "Wangalisema kweli, wangalipona?" Siwezi kumwapia. Naweza tu kumwonyesha Rahabu, aliyesema kweli kwa watu wale wale, akapona.

Lakini sababu inayonigusa mimi kuliko zote si ya mama huyu peke yake. Amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi hudhani jirani ni yule tu aliyesimama mbele yetu akilia. Nyuma yake katika foleni yuko mwingine, ambaye ukurasa wake haukuliwa na mchwa, na siku yake imeandikwa kweli kwa mkono wa mwinjilisti aliyekwisha kufa. Karani akigundua cheti kimoja kilichoandikwa jana kwa jina la jana-juzi, hatakishuku hicho tu. Atavishuku vyote vyenye muhuri ule. Basi mzee aliyemsaidia mmoja amewanyang'anya kumi ushahidi wao, nao hawatajua ni nani aliyewanyang'anya. Hata mama mwenyewe yu hatarini, kwa maana kisa cha kweli kikichanganywa na karatasi moja ya uongo, karatasi hiyo ikishikwa, kisa chote huanguka.

Nisieleweke kana kwamba namtetea kila adaiye karatasi. Waliporudi kutoka Babeli, wana wa Barzilai walitafuta maandiko ya ukoo wao wasiyaone, wakatolewa katika ukuhani. Lakini hawakufukuzwa katika taifa, na neno lao liliachwa wazi mpaka atakapopatikana kuhani wa kuliamua. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kilichotolewa mwaka 1979, chafuata njia iliyo karibu na hiyo. Chakubali kwamba mkimbizi mara nyingi hana hati, na kwamba kuitafuta kweli ni kazi ya mwombaji na ya mpokeaji pamoja. Tena maneno ya mwombaji yakipatana na yakisadikika, shaka iliyobaki imwelekee yeye. Adaiye cheti kwa mtu ambaye cheti chake kiliungua, kisha asimsikilize, amemsukuma kwenye muhuri wa uongo kwa mikono miwili. Naye atajibu kwa sehemu yake.

Basi mzee aandike nini? Aandike alichokiona, na alichokisikia, na asichokijua, wala asivichanganye. Kwamba amemwona mama huyu makazini tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Kwamba alisikia kwa mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, kuwa alibatizwa, lakini siku haijui. Kwamba kitabu kilikuwapo, kikaliwa. Kwamba fulani na fulani, waliofika katika lori moja na wazazi wake, wako hai, nao waweza kuulizwa. Barua hii ni ndogo kuliko cheti alichoombwa, na yamkini haitatosha. Huenda mama akarudishwa. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili, nami sitaki kuufunika: mzee aliyekataa kuandika uongo aweza kuonana naye kila Jumapili akiwa bado hana hati.

Kwa sababu hiyo barua peke yake haitoshi kwa upande wa mzee pia. Uongo ungalimgharimu wino kidogo. Kweli yamgharimu nauli, na siku mbili za shamba wakati wa palizi, na kukaa benchini, na kuulizwa maswali na kijana aliye sawa na mjukuu wake. Yampasa kuwatafuta wale waliopanda lori lile, mmoja Mishamo na mwingine nyuma ya reli, awaombe waje waseme wenyewe. Tena achukue kile kitabu.

Naam, kitabu chenyewe. Watu wengi hawalifikirii hilo, huona aibu kuonyesha kitu kilichoharibika. Lakini kitabu kilicholiwa ni kielelezo. Chaonyesha miaka iliyosalia kabla na miaka iliyosalia baada, na mwandiko wa mwinjilisti yule yule, na shimo lililo katikati. Mzee na akifunge katika kanga asubuhi na mapema, apande gari la Mpanda pamoja na mama huyu, na zamu yao itakapofika akifungue mezani pa karani, hata kama udongo wa mchwa utamwagika juu ya makaratasi yake.