ANDIKENI MAJINA YA BABA ZENU
Somo: Ezra 2:59-63



Majuzi tulimzika mzee mmoja wa kanisa letu. Ilipofika saa ya kusoma historia ya marehemu, kijana wake alisimama na karatasi. Alisoma mwaka wa kuvuka Ziwa Tanganyika, 1996, na mwaka wa ubatizo. Jina la babu yake hakulijua, wala kijiji alikozaliwa baba yake. Sisi wachungaji tuliketi na mzee huyo miaka mingi. Tulimwomba afungue ibada, tulimwomba atoe mchango, lakini hatukumwuliza hata siku moja: "Mzee, baba yako aliitwa nani?" Tunaungama kosa hilo mbele yenu.

Sasa tutazame somo letu. Waisraeli walirudi kutoka uhamishoni Babeli pamoja na Zerubabeli, wakahesabiwa jamaa kwa jamaa. Lakini watu 652, wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Na wengine wa ukoo wa makuhani walitafuta orodha yao wasiione, wakaondolewa katika ukuhani mpaka atokee kuhani mwenye Urimu na Thumimu.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, uhamisho unafuta majina. Mji wao ulichomwa, wazee wakafia ugenini, watoto wakazaliwa huko. Sisi wa Nyarugusu tunaijua hali hiyo. Pili, wale 652 hawakuachwa Babeli. Walihesabiwa pamoja na wenzao waliopanda kurudi. Aliyepoteza orodha hakupoteza safari.

Huko Ulaya na Marekani wako watu ambao kazi yao ya kulipwa ni kutafuta nasaba za familia. Wanapekua vitabu vya ubatizo, vyeti vya kuzaliwa, orodha za abiria wa meli na maandishi ya makaburini. Wengi wetu tulikimbia bila karatasi yoyote. Vitabu vyetu ni wazee wanaoota jua mlangoni, na kila mwezi tunafukia kimoja. Lakini utaratibu wa watu wale tunaweza kuufuata. Anza na wewe mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na bibi, kizazi kwa kizazi bila kuruka. Andika nani amekuambia, na tarehe. Wazee wawili wakipishana, andika maneno ya wote wawili. Usisahau upande wa mama. Na kama mama fulani anaanza kulia, funga daftari, omba naye, urudi siku nyingine akikubali.

Tunaonya pia juu ya hatari mbili. Ya kwanza ni kuficha. Katika Mathayo 1 wametajwa Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria. Ndani yake mna wageni na mna habari za aibu, na bado Mwokozi alizaliwa katika ukoo huo. Basi usifute jina la shangazi kwa sababu watu walimsema.

Ya pili ni kiburi. Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho, zinazoleta mabishano (1 Timotheo 1:4). Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, swali la "babu yako ni nani?" limeulizwa na watu wenye panga mkononi. Daftari lako lisiwe la kupimia nani mwenyeji na nani mgeni. Luka alipoandika ukoo wa Yesu hakuishia kwa Daudi wala kwa Abrahamu. Alifika kwa Adamu, na kutoka kwa Adamu kwa Mungu. Huko koo zetu zote zinakutana.

Basi tunaomba kila nyumba itafute daftari moja, ilifunge ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isiliharibu. Vijana, wiki hii mchoteeni mzee maji, kisha mketi mumwulize. Na wewe usiye na mtu wa kumwuliza, usikate tamaa. Bwana aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Kitabu kile hakichomwi wala hakiachwi njiani.

Mungu awabariki. Ni sisi watumishi wenu katika shamba la Bwana.