Sentensi Iliyokatika

Kongamano la waandishi wa programu liliisha Jumamosi. Leo ni Alhamisi na noti bado hazijaandikika. Si uvivu. Kuna mstari mmoja umenikwamisha: "Ombi la malipo likikosa jibu, tuma tena, mradi tu..." Dada aliyekuwa jukwaani alikatizwa na swali, akahamia slaidi nyingine.

Najua kinachofaa kufuata hapo. Mtu akilipa kwa simu na seva ikanyamaza, kunyamaza si kukataa. Huenda pesa zimeshatoka, ni jibu tu limepotelea njiani. Ukituma tena ovyo, mteja anakatwa mara mbili. Ndiyo maana kila ombi hupewa namba yake ya kipekee, ili seva ikiiona tena irudishe jibu lilelile bila kukata pesa upya. Mbona basi nisimalizie tu?

Thucydides, aliyeandika vita vya Athens na Sparta, alikutana na shida hii. Hotuba zilikuwa ngumu kukumbuka neno kwa neno, kwa hivyo aliwapa wasemaji maneno yaliyofaa hali yao, akikaa karibu na maana ya jumla ya yaliyosemwa. Na alimwambia msomaji hivyo waziwazi. Mimi namwonea wivu tu: hakuna mtu atachukua hotuba ya Pericles aiweke kwenye mfumo wa malipo wa sacco.

Rafiki yangu ataweka hizi zangu. Aliniomba noti kwa sababu kazini walimnyima ruhusa. Akisoma "mtoa mada alisema", hataniuliza maswali ambayo angeniuliza mimi niliyeacha chuo. Programu yenyewe anaweza kuijaribu akaona kama inafanya kazi. Lakini wazo langu likivalishwa jina la mtu mwingine, hakuna jaribio la kulinasa.

Jamaa mmoja ananiambia, si uipe akili unde imalizie? Itamalizia, tena vizuri kuniliko. Hapo ndipo naogopa: pengo litazibwa na hakuna atakayejua liliwahi kuwepo.

Kwa hivyo ninaandika kwa sauti mbili. Maneno yake yakikatika, naweka nukta tatu. Yangu yanaanza mstari mpya, na herufi za jina langu pembeni. Inasomeka vibaya, kama risiti iliyolowa. Nimefika ukurasa wa 4 kati ya 11.