Deni la Aliyetuma

Kwetu Tumati, ukitaka kumnyamazisha kijana anayelalamika unamtajia jina moja tu: Akhwari. Kijana anataka kuacha shule? Akhwari alimaliza. Jembe limemchosha kabla ya saa nne asubuhi? Akhwari alimaliza. Nimekua nikisikia hivyo, na kusema kweli na mimi nimeshawaambia wengine hivyohivyo.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Mtoto wa baba mdogo, kijana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza kidato cha nne, siku hizi anakimbia. Anaamka kabla ya jogoo, anapandisha vilima vyetu kwenye baridi ile ya Mbulu, anarudi na kwenda shambani. Jioni moja tumekaa tunakunywa chai, akanionyesha raba zake. Soli ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa gunia. Akasema kuna mbio Arusha mwezi wa tatu, ila nauli hana. Baba mdogo akacheka, akamjibu kama tunavyojibu wote: "Akhwari alimaliza mguu ukiwa umefungwa bandeji, wewe unalilia viatu?"

Kijana akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ni mwandishi. Hivi Akhwari alitumwa au alijituma?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, ndiyo maana naandika.

Tuanze na yanayojulikana. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwezi Oktoba 1968. Ilikuwa Olimpiki ya kwanza kwa nchi yetu kushiriki kwa jina la Tanzania. Tokyo 1964 tulikwenda kama Tanganyika. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka, akaumia goti na bega. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari alitumia saa 3 na dakika 25, akaingia uwanjani giza linaanza kutanda na watu wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuja kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima, na linastahili. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anasema nia njema haipotezi thamani yake hata isipofanikisha kitu. Inang'aa yenyewe kama kito. Ukitaka mfano wa hoja hiyo, mwangalie mtu anayechechemea kuelekea mstari ambao hauna zawadi yoyote kwake. Mimi naukubali uzuri huo. Wanaosema tunamshangilia wa mwisho kwa sababu tumezoea kushindwa wanasahau kwamba watu 18 waliokuwa na miguu kama yake waliishia njiani.

Lakini Waswahili wana methali mbili hapa, na hazisemi kitu kimoja. Ya kwanza: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hii inamhusu aliyejivua mwenyewe. Ya pili: mjumbe hauawi. Hii inamhusu aliyetumwa, na inatukumbusha kwamba mzigo wa safari haumwangukii mjumbe peke yake. Nyuma yake yupo aliyemtuma. Akhwari mwenyewe alitumia neno la methali ya pili. Alisema ametumwa. Sisi tunamsimulia kwa methali ya kwanza, kana kwamba maji aliyavulia nguo peke yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Ona yaliyotokea miaka minane baadaye. Filbert Bayi wa Karatu, majirani zetu, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974: dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake. Dunia ikasubiri wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand haikuondolewa kwenye michezo, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia. Walker akachukua dhahabu. Bayi hakuanza hata hatua moja.

Mimi naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi mwezi mmoja tu kabla. Ila tukubali pia nani alilipa. Akhwari aliambiwa nenda, akamaliza. Bayi aliambiwa usiende, akabaki. Wote wawili walitimiza wajibu, na mara zote mbili mwili uliolipa ulikuwa wa mkimbiaji. Mwaka 1980 Tanzania ilikataa kususia Moscow, hata Marekani ilipomtuma Muhammad Ali kuja kutushawishi, na Bayi akapata fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui fedha kwenye mita 5,000. Hadi Paris 2024, hizo mbili ndizo medali zote za Tanzania katika Olimpiki.

Mbili tu. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne sisi waandishi tunafanya nini? Tunamrudia Akhwari. Nimeiandika habari hiyo mwenyewe zaidi ya mara moja, ni rahisi, inaliza watu, na haimgharimu mtu yeyote kitu. Hapo ndipo penye tatizo. Tumeufanya ushujaa wa mjumbe kuwa risiti ya aliyetuma, kama vile yeye akimaliza, deni letu nalo limekwisha. Hata wasifu wake tumeukata: wangapi wanakumbuka kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyuhuyu alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15? Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu. Sisi tukamtunza kama mtu wa mwisho, kwa sababu wa mwisho haulizi maandalizi yalikuwaje.

Mtu ataniambia: mbona Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, hadi picha ikaamua? Ni kweli, nami nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Lakini ushindi wake nao ni wa mjumbe. Haufuti swali, unaliongezea uzito tu: kama wanafika hivyo tukiwa tumewapa kidogo, tulichowanyima ni kiasi gani?

Mwalimu Nyerere alikuwa na kauli yake: inawezekana, timiza wajibu wako. Tunaipenda tukimwelekezea mwingine kidole. Nikijibu swali la mdogo wangu leo, nitamwambia Akhwari alijituma na alitumwa pia. Kumaliza kwake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni yetu tuliobaki nyumbani, na sidhani kama tumeshafika hata kilomita ya kumi na tisa.

Nauli ya Arusha nimeshamtumia kwa simu. Baba mdogo amenipigia kunilaumu kwamba namdekeza kijana. Nimemsikiliza kwa heshima hadi akamaliza, kisha nikamuuliza mtoto anavaa namba ngapi. Akakaa kimya kidogo. "Arobaini na mbili," akasema.

Raba bado sijanunua.