Upande wa Babu

Ukitaka kujua mtu alikuwa anatumia mkono gani, angalia kisu chake. Sio makali. Angalia mpini, kama ni wa mfupa.

Kisu changu ni cha kukunja. Kilikuwa cha babu, baba yake mama, alikitoa Uvira mpaka kambini hapa Uganda kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Mpini ni vibao viwili vya mfupa wa ng'ombe, vimeshikwa na misumari midogo ya shaba. Babu alikuwa mtu wa shoto. Nacho alikata tumbaku, muwa, kamba za mbuzi, na mara moja njiani kitovu cha mtoto, baada ya kuchemsha lile bapa kwenye sufuria ya chai. Hiyo ya kitovu alisimulia mama. Babu mwenyewe ukimwuliza alibadilisha mazungumzo.

Mfupa si kama pembe. Hapa Jinja, kwenye vibanda vya ukumbusho karibu na chanzo cha Nile, utaona bangili za vyote viwili na wageni wanachanganya. Pembe ni ndugu ya kucha, imefungana. Mfupa una vitundu vidogo sana, tena unakunywa. Unakunywa jasho, mafuta ya kupikia, moshi, tumbaku. Unaanza mweupe, halafu unakuwa rangi ya siagi, halafu asali, halafu chai ya rangi. Penye ufa panakuwa peusi. Kuzunguka misumari panaota ukijani, kwa sababu shaba ikikutana na jasho na mafuta haikai kimya. Na yote haya hayaendi sawasawa, yanafuata mkono. Pale kidole gumba kinapokaa kila siku panakolea zaidi.

Sasa, kidole gumba cha mtu wa shoto kinakaa upande mmoja wa mpini, cha mtu wa kulia kinakaa upande wa pili. Babu alifariki nikiwa Senior 2, kisu nikakichukua mimi, na mimi ni wa kulia. Kwa hiyo kile kisu kilikuwa na pande mbili: wa babu, umekolea kama asali ya zamani, na wangu, ambao kwa miaka tisa ulikuwa umefika rangi ya siagi. Sikupanga. Kumbe nilikuwa najiandika bila kujua.

Mwaka 2024, mwezi wa 7, kijana mmoja wa kikundi chetu aliniomba kisu akate kamba za katani. Ana miaka 16. Jina lake nalibakiza kwake. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti kama zawadi. Kilikuwa cheupe kama chaki. Alikiloweka kwenye Jik usiku mzima, halafu akakisugua kwa msasa pande zote mbili.

"Yaya, nimekusafishia. Sasa iko kama mpya kabisa."

Maneno niliyomjibu siyaandiki hapa. Niseme tu kwamba wenzake walinyamaza, na yeye hakuja tena kwa wiki mbili.

Usiku ule nililala na swali moja. Huyu mtoto amenichukulia nini? Kisu ninacho. Bapa lipo, ingawa Jik imeliachia vidoa vya kutu. Mfupa upo, ingawa ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe, maana Jik haiondoi uchafu tu, inakula kile kinachoufunga mfupa wenyewe. Lakini kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni kwamba ametoa uchafu. Ukisema ukweli ile rangi ya asali ilikuwa ni nini? Mafuta na jasho la mzee mmoja. Mtu akija kukulalamikia polisi kwamba ameibiwa jasho la babu yake, utamcheka.

Hata hivyo nilihisi nimezika mara ya pili.

Halafu likaja la pili, ambalo lilinisumbua zaidi. Mimi kazi yangu ni vijana. Nimesimama mbele yao mara ngapi, na ninyi wahudumu wa mashirika mnaosoma hapa mmenisikia, nikisema: yaliyopita yaache, futa, anza upya. Kuna zoezi nilikuwa nalifanya, kijana anaandika jambo baya la zamani kwenye karatasi, tunaichoma, tunapiga makofi. Na huyu kijana alikuwepo. Alipiga makofi. Basi akachukua kitu cha zamani, chenye madoa, cha mtu anayemheshimu, akakifanyia kile ambacho mtu huyo anafundisha. Kwa kipimo changu mwenyewe alifaulu.

Tangu hapo nikipita Main Street nayaangalia yale majengo ya zamani ya Wahindi kwa jicho lingine. Juu kwenye kuta mengine yana jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa, kwa herufi za saruji. Wenyewe walifukuzwa mwaka 1972, Amin aliwapa siku 90. Mengine yamepakwa rangi mpya, yanapendeza kweli, siwezi kusema yanachukiza. Ila mimi natembea nikiinua shingo kutafuta kama jina bado liko chini ya rangi. Watu wa boda wanadhani nimepotea.

Lakini msinielewe vibaya kwamba kila doa ni takatifu. Hilo nilifundishwa Mbale.

Katika zile wiki mbili, mwezi wa 8 umeshaanza, rafiki yangu Mgisu alinialika kwao. Nikaenda kwa teksi kupitia Iganga na Tirinyi. Mwaka wa shufwa ni mwaka wa imbalu, kutahiriwa kwa vijana, na Mbale nzima ina ngoma. Vijana wamepakwa unga, wanakimbia na kundi la watu, na saa ikifika kijana anasimama wima mbele ya ukoo wake na hatakiwi hata kupepesa. Mimi nilitazama visu, kwa sababu kichwani mwangu hakukuwa na kitu kingine. Zamani kisu kimoja kilipita kwa vijana wengi. Siku hizi wahudumu wa afya wanasisitiza kijana mmoja, kisu kimoja, kwa ajili ya ukimwi na magonjwa mengine ya damu. Nikamwuliza mzee wa pale nyumbani kama haoni kuna kitu kinapotea, kisu kilichopita kwa baba na kwa babu.

Mzee alinitazama kama mtu aliyekosa adabu. "Kijana wangu, damu ya baba yake iko ndani ya mwili wake tayari. Kwa nini umwekee tena kwenye kidonda?"

Sikuwa na jibu. Nikakumbuka sufuria ya chai. Babu naye bapa alilichemsha, mpini akauacha ulivyo. Upande unaoingia kwa mtu mwingine lazima uwe safi. Upande unaoushika wewe ni habari nyingine. Nadhani hapo ndipo nilipokosea kwenye lile zoezi la karatasi: sikuwahi kuwauliza vijana ni lipi kwao ni bapa na lipi ni mpini. Nilichoma vyote.

Niliporudi Jinja nilimfuata kijana kwao, nikaomba radhi mbele ya mama yake. Nilimweleza habari ya babu na shoto. Alisikiliza, akafikiri, halafu akaleta suluhisho, maana yeye ni mtu wa suluhisho:

"Yaya, tukiloweke kwenye majani ya chai. Itarudi ile rangi."

Na ni kweli ingerudi. Mfupa unashika chai vizuri. Viwanda vya visu vyenyewe vinapaka mifupa rangi ili kisu kipya kionekane kimeshazeeka, na watu wananunua. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa nini, nikaanza kueleza kwamba rangi ni ileile ila haijatoka mkononi, na nikiwa naeleza nikasikia mwenyewe jinsi inavyokuwa ngumu. Kama jicho haliwezi kutofautisha, uongo uko wapi? Namdanganya nani, mimi peke yangu?

"Lakini kabla sijakiosha," akasema, "ulikuwa unaiangalia ile rangi?"

Hapo alinipata. Sikuwa naiangalia. Kilikuwa mfukoni tu.

Chai hatukutia. Upande wangu umeanza tena kupata rangi hafifu, kama maziwa yaliyokaa. Upande wa babu bado ni chaki. Kijana ndiye aliyesema atakishika yeye kwa kushoto, ingawa ni wa kulia kama mimi. Sijui kama hiyo si chai kwa njia nyingine. Nimemkubalia, lakini si kituoni, kwa sababu sheria ya kituo ni kwamba kisu hakiingii, na sheria hiyo naisimamia mimi. Kwa hiyo Jumamosi anakuja kwangu, anakaa kwenye ndoo mlangoni, anamenya viazi kwa mkono wa shoto. Ananung'unika sana. Maganda yanatoka manene, nusu ya kiazi inaondoka nayo.