Deni la Debe, Deni la Shilingi

Sokoni Kibiti, kando ya barabara ya Kilwa, nyanya huuzwa kwa fungu. Tatu chini, moja juu, na bei inajulikana kabla mteja hajafungua mdomo. Nyanya zikiadimika, muuzaji haigusi bei. Anaondoa ile ya juu. Zikifurika, fungu linanenepa, na mteja wa kila siku anatupiwa moja ya nyongeza. Andazi nalo lina tabia inayofanana, ila ni ya upande mmoja. Unga ukipanda, andazi linakonda. Unga ukishuka, bado halijaonekana andazi lililorudishiwa mwili wake.

Ukitaka kujua kama bei hushuka baada ya kupanda sana, anza na hivyo viwili. Watu wa bonde hili la mto Rufiji wana sababu ya kuamini kwamba kilichopanda kitashuka. Mto wao hufanya hivyo. Masika maji hupanda, huingia mashambani, kisha hurudi yakiacha tope lenye rutuba, na juu ya tope hilo hupandwa mazao ya mlau. Aprili 2024 maji yalizidi kipimo, yakafunika mashamba ya mpunga ya Rufiji na Kibiti na kuwatoa watu majumbani. Hata hayo yalirudi. Mkulima aliyelelewa na mto wa namna hiyo akisikia redioni kwamba mfumuko wa bei umeshuka, husubiri kuona ardhi ikitokeza.

Hasubiri kwa ujinga; ni lugha iliyompotosha. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifikia asilimia 19.8. Mwaka 2024 wastani wake ulikuwa asilimia 3.1. Hayo ni mafanikio, na si madogo. Lakini kilichoshuka ni mwendo. Maji yaliyokuwa yakipanda dhiraa kwa siku sasa yanapanda kidole, na yale yaliyokwisha kuingia sebuleni yamebaki humohumo. Waziri anayetangaza kushuka kwa mfumuko na mama anayelalamika kuwa vitu havijashuka wote wanasema kweli, na ndiyo maana hawaelewani.

Bei za aina fulani hushuka kweli. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño ziliingia kwenye mashamba ya miwa, sukari ikaadimika, na wiki chache kabla ya Ramadhani kilo ikauzwa kwa bei iliyowafanya watu waunywe uji ukiwa karibu chumvi. Serikali ikatoa bei elekezi, sukari ya nje ikaingizwa, na bei ikarudi chini. Petroli vilevile: Agosti 2022 lita moja Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 3,000. Vilivyopanda kwa kukosekana hushuka vikipatikana. Vilivyopanda kwa sababu shilingi yenyewe imepungua nguvu havina pa kurudi. Na nauli? Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari fupi jijini ilitoka 500 hadi 600. Petroli imepanda na kushuka tangu hapo, na konda hana habari.

Mishahara ina hadithi yake. Zamani ilishuka waziwazi, kwa tarakimu. Mwaka 1921, baada ya bei za vita kuporomoka, walowezi wa Kenya waliamua kuukata ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Hasira ya kukatwa huko ni mojawapo ya mambo yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi, hadi akakamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi Nairobi. Miaka kumi baadaye bei ya mkonge ilipoanguka duniani, manamba wa Tanganyika nao wakakatwa, huku kodi ya kichwa ikidaiwa kama kawaida.

Siku hizi hakuna mwajiri mwenye akili timamu anayejaribu hilo. Hakuna haja. Katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei Tanzania ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara kilikuwa kikiongezwa kila baada ya muda. Hata hivyo, kati ya katikati ya miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980 kilipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua. Hakuna aliyepokea barua ya kupunguziwa mshahara. Julai 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3, na Julai 2025 kikatoka 370,000 hadi 500,000. Mfanyakazi hufurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini sehemu ya nyongeza hiyo ni fidia ya kilichokwisha kuondoka kimyakimya.

Serikali ikitaka tarakimu zishuke ina njia moja ya haraka: kalamu. Mwaka 1987 Uganda ilifuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa moja. Mwaka 1993 Zaire ya Mobutu iligeuza zaire milioni tatu kuwa moja mpya, na watu wa Kasai wakaikataa noti hiyo waziwazi, wakaendelea na zile kuukuu.

Hapa ndipo swali la shilingi iliyopungua nguvu linapotoka mikononi mwa wachumi na kuingia msikitini.

Tuseme ndoa ilifungwa kwenye kijiji kimojawapo cha delta ya Rufiji mwaka 1985, mahari shilingi 5,000, zote zikaahirishwa. Mwaka huo dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17, kwa hiyo ile mahari ilikaribia dola 300: heshima kubwa kwa bibi harusi. Mume amefariki, na kabla ya mirathi kugawanywa deni lazima lilipwe. Watoto wake, vijana wacha Mungu, wanamletea mama yao noti moja ya shilingi 5,000. Haitoshi kilo mbili za sukari. Je, wamelipa?

Jibu la sheria wanayoifuata wengi wa pwani hii, yaani madhehebu ya Imam Shafii, ni kwamba wamelipa. Kilichokopwa kwa hesabu hurudishwa kwa hesabu: mfano kwa mfano. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 798, alikuwa na rai nyingine kuhusu sarafu za shaba: zikibadilika thamani, mdaiwa alipe thamani ya siku deni lilipoingia. Mjadala ukafufuka katika zama za noti, na mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, likikutana Kuwait, likashika rai ya kwanza. Deni lisifungwe kwenye kipimo cha bei. Sababu yake ina uzito: ukifungua mlango wa mdai kudai zaidi ya alichotoa, riba haitabisha hodi, itaingia.

Sababu hiyo inaeleweka zaidi ukiitazama kwa mpunga. Mkulima wa delta akiishiwa miezi ya njaa, kabla ya mavuno, hukopa debe kwa jirani. Debe hilo wakati huo ni ghali. Akivuna hurudisha debe, na wakati wa mavuno debe ni rahisi. Kwa hesabu ya shilingi jirani amepunjwa. Lakini hakuna anayesema hivyo, na jirani mwenyewe angeona aibu kudai debe na nusu, kwa kuwa alitoa debe na amepata debe, na tumbo linaloshiba kwa debe ni lilelile. Kanuni ya mfano kwa mfano ilizaliwa katika dunia ya vitu vya namna hii: nafaka, dhahabu, fedha ya madini. Noti ya 1985 na noti ya leo zimeandikwa shilingi zote mbili. Kama ni mfano mmoja, hapo ndipo penye shaka, na kuwa na shaka hiyo si kuhalalisha riba.

Al-Maqrizi wa Cairo aliiona shaka hiyo mapema. Mto Nile ulipokosa kufurika mwaka 1403 na njaa ikaingia, hakuishia kulaumu mto. Alilaumu watawala waliouza vyeo, kodi za ardhi zilizopandishwa, na sarafu za shaba zilizomwagwa hadi zikazifukuza sarafu za fedha sokoni. Miaka mia mbili baadaye padri Mjesuiti wa Hispania, Juan de Mariana, aliandika kwamba mfalme anayechakachua sarafu anachukua mali ya raia bila idhini yao. Kwa kitabu hicho cha 1609 alitiwa ndani. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkatoliki, na wote wawili walimtazama mtu wa tatu ambaye mdai na mdaiwa humsahau wakigombana: aliyeipunguza sarafu.

Wale vijana wenye noti ya 5,000 hawakumdhulumu mama yao. Wala yeye hana kosa. Kwa hukumu deni limelipwa. Kwa ukweli wa maisha, mtu alipewa ahadi ya ng'ombe akaletewa kamba. Anayebaki na jambo la kujibu ni yule aliyechapa, na yeye hayumo kwenye kikao cha mirathi.

Kuna wanaosema dawa ni serikali kupanga bei. Kibiti, wilaya ya korosho, ina kumbukumbu yake juu ya hilo. Msimu wa 2017 kilo ya korosho kwenye minada ya kusini ilifika karibu shilingi 4,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei za chini sana, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likatumwa kuzibeba. Palikuwa na shangwe. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba ili kuwanasa wa kangomba, wale walionunua korosho kwa vipimo vya mtaani kabla ya mnada, na malipo ya wengi yakaingia mwaka mwingine.

Masheikh wana hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Anas: bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awapangie, akakataa, akisema mpangaji ni Mungu na kwamba alitaka kukutana na Mola wake bila mtu kumdai dhuluma. Mwanazuoni Ibn Taymiyya alifafanua kwamba katazo hilo ni kwa bei iliyopanda kwa uchache wa vitu. Wafanyabiashara wakificha mali, mtawala anaweza kuingilia. Lakini kisa kinachokaribia korosho ni cha Khalifa Umar na muuza zabibu, Hatib. Umar alimwambia apandishe bei au aondoke sokoni. Bei ilikuwa chini mno. Na Imam Shafii ana mwendelezo wa kisa hicho: Umar alirudi nyumbani, akajihesabu, akamfuata Hatib mpaka nyumbani kwake kumwambia kwamba ile haikuwa amri, auze apendavyo. Mtawala aliyerudi kuiondoa amri yake ni jambo la kustaajabisha zaidi kuliko bei yoyote.

Rais aliyetoka jirani na Kibiti alijaribu njia iliyo kinyume cha amri. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, maduka yalikuwa na bei ya serikali bila sabuni, na walanguzi walikuwa na sabuni bila bei ya serikali. Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure wilayani Mkuranga, alishika urais mwishoni mwa 1985, mwaka uliofuata nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ikafunguliwa. Sabuni ikarudi. Shilingi iliyokuwa 17 kwa dola ikawa karibu 200 mwaka 1990. Watu wakamwita Mzee Ruksa, kwa mapenzi na kwa lawama, mara nyingi katika sentensi moja. Kila akiba ya karatasi iliyokuwa chini ya godoro ililipia ile sabuni.

Watu wa pwani hawakusubiri wanazuoni wamalize. Wafanyabiashara wa mikoko wa delta, waliopakia boriti, mazio na pau kwenye majahazi ya kwenda Arabuni, walihesabu kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Rupia ikaja, heler ikaja, shilingi ya Afrika Mashariki ikaja, ya Tanzania ikafuata mwaka 1966. Korija ikabaki ishirini.

Na wanawake nao wakajifunza. Kwenye ndoa nyingi za siku hizi mahari ya shilingi tupu imeanza kuwa jambo la watu wasiofikiri. Sheikh akikaa mkekani na fomu yake, mjomba wa bibi harusi huwa amekwisha kuambiwa la kusema na aliye chumbani. Msahafu. Kitanda cha tano kwa sita, na godoro lake. Cherehani. Sheikh huuliza kama thamani yake iandikwe kwa shilingi, maana pana nafasi ya tarakimu. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya shangazi hujibu kabla ya mjomba: andika kitanda.