KUMPELEKA MZAZI KATIKA NYUMBA YA MATUNZO: JE, NI KUMTUPA?

Kwetu huku Kivu kuna neno moja lenye nguvu ya kuvunja jamaa: "Wamemtupa mzee wao." Likishasemwa kwenye matanga, halifutiki tena. Juu ya neno hilo watoto wengi wanaogopa kumpeleka mzazi mgonjwa katika nyumba ya masista ao katika kituo cha wenye ulemavu, hata kama pale angepata matunzo kuliko nyumbani. Basi tujiulize: mila yetu inakataza nini hasa?

Tuchukue mfano unaojulikana katika kila kartie ya Bukavu. Mama wa miaka 70 anaanguka, upande mmoja wa mwili unapooza, maneno yanakatika. Hopitali inamwokoa, kiisha inasema: mrudisheni nyumbani. Kazi ya hopitali jamaa wanaizoea, kwani kwetu mgonjwa halali bila mlinzi; ndugu zake ndio wanampikia, wanamwosha, wanalala chini pembeni ya kitanda. Lakini kazi ya nyumbani ni ingine. Mgonjwa wa namna hii anapaswa kugeuzwa karibu kila saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi inaoza kwenye matako na visigino. Anapaswa kukalishwa wima mbele ya kulishwa, ili chakula kisiingie katika mapafu. Mkono na mguu vinyooshwe kila siku, vinginevyo vinakauka vikiwa vimekunjika. Na miezi ya kwanza ndiyo yenye matumaini zaidi ya kurudisha nguvu. Hapa huruma peke yake haitoshi. Kuna ufundi, nao unafundishwa.

Nani atafanya hayo yote? Mtoto wa kwanza yuko Kinshasa, wa pili Lubumbashi, wa tatu Ulaya. Wanatuma franga kwa telefoni. Anabaki bibi ya mtoto wa mwisho, mwenye kuuza sokoni na kulea watoto watano. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kiisha miezi mitatu mama ana vidonda, bibi yule ana maumivu ya mgongo na hasira isiyosemwa, na majirani wanasifu: "Jamaa lile halikumtupa mama yao." Kumbe ametupwa, lakini ndani ya nyumba!

Zamani mzee aliishi katika lupango lenye watu wengi. Mmoja alileta maji, mwingine kuni, mwingine alimtoa nje aote jua, wajukuu walikaa karibu kusikiliza hadithi. Mzigo haukuonekana, kwa sababu kila mtu alibeba kidogo. Leo vita na kutafuta maisha vimetutawanya, na nyumba ya kukodi ina vyumba viwili. Tumeshika ukuta, tukapoteza mikono. Lakini mila yetu haikuagiza ukuta. Iliagiza mikono.

Hata Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika artikili ya 40 kwamba watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Na artikili ya 49 inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Tuzisome pamoja: deni ni la watoto, na ni la Leta pia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba litalipwa na mwanamke mmoja peke yake.

Wengine watajibu: "Nyumba hizo ni za wasio na mtu." Ni kweli, wazee wengine walifika humo kisha kufukuzwa, hasa wamama waliosingiziwa ulozi. Ndiyo maana jina la nyumba hizo linatia haya. Lakini tutofautishe. Aliyefukuzwa hana siku ya kurudi. Vituo kama Heri Kwetu pale Bukavu ao Shirika la Umoja kule Goma vilijulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya kusaidia wenye ulemavu. Kumpeleka mtu ili ajifunze tena kusimama, hiyo si kumtupa.

Hatari ipo, tusiifiche. Mtu anaweza kulipa feza ili asije tena. Mfanyakazi anaweza kugeuza mwili wa mzazi wako vizuri kuliko wewe. Lakini nani atamwita kwa jina alilopewa na baba yake? Nani ataelewa nusu ya neno analotamka kwa Mashi ao kwa Kilega? Kazi hiyo hainunuliwi, na hakuna wa kuifanya isipokuwa sisi.

Kwa hiyo jamaa likikaa baraza, lisianze na "watu watasema nini?" Lianze na haya: Nani atamgeuza usiku? Nani atamtembelea, na siku gani? Atarudi lini? Na mbele ya yote, mgonjwa mwenyewe aulizwe, hata kama anajibu kwa kidole tu. Mara nyingi tunabishana juu yake sawa vile mtoto mdogo asiyejua kitu, hali yeye ndiye aliyetufundisha kusema.